Mbavu za Kitengela, Supu ya Kajiado

Nikubali mapema, kabla Mbeke hajanitaja: kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye nilimwambia Munguti, "Wakwe wa Kimaasai wanaongea kwanza. Chakula utaiona saa kumi, ukibahatika. Kuleni kabisa." Nilisema hivyo kama mtu ako na uhakika. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimehudhuria mambo ya aina hiyo mara moja tu maishani, na hiyo siku nilifika saa tisa, wenzangu wakiwa wameshakula na kunawa mikono.

Munguti ni jirani yangu hapa Kitengela, fundi wa mabomba, mwanaume ambaye akisimama mlangoni sebule inaingia giza. Jumamosi hiyo alikuwa anaenda Kajiado kumposea kijana wake wa pekee, Muthama, msichana anaitwa Naisula. Hotuba alikuwa amefanyia mazoezi mbele ya kioo wiki nzima, na kitu kimoja tu kilikuwa kinamnyima usingizi: tumbo lisije likanguruma katikati ya maneno. Kwa hivyo ushauri wangu aliumeza bila maji.

Saa nne asubuhi tulikuwa tumeketi kwa kibanda cha nyama choma, yeye, Mbeke mkewe, Muthama, na mimi dereva. Mbavu za mbuzi zilikuja kwa ubao zikiwa bado zinalia mafuta. Munguti alichukua moja, akaigusisha chumvi, akafunga macho. Kachumbari ilikuwa na kitunguu ya kutoa machozi na pilipili ya kuyarudisha. Akavunja ugali, akasukuma nayo mchuzi mpaka pembeni ya sahani, akachukua mbavu ingine.

"Baba Muthama, hiyo ni ya sita," Mbeke akasema.

"Hii ni ya petroli, Mama. Safari ni ndefu."

"Safari ni lisaa limoja!"

"Na hotuba je?"

Tulipofika Isinya alikuwa amelegeza mkanda tundu mbili. Ilibaki moja.

Boma ya kina Naisula iko mbele ya Kajiado mjini, unaacha lami ya Namanga na kufuata vumbi. Baba ya msichana, Mzee Lemein, alitungoja kwa geti, mrefu, mwembamba, kofia pana kichwani.

"Sopa!" akatusalimu kwa Kimaasai.

"Epa sana!" Munguti akajibu, na wazee wawili waliokuwa na Lemein wakacheka, kwa sababu hiyo "sana" hakuna mtu huiweka hapo.

Tukaingia kwa hema. Munguti akakohoa, akavuta karatasi ya hotuba kutoka mfukoni. Lemein akamzuia kwa mkono.

"Pole pole. Hapa kwangu mdomo hauongei ukiwa na njaa. Sinia ikiisha, ndio tutasikia kitu iliwaleta."

Sinia ikaja. Naisula na dada zake waliibeba wakiwa wanne. Mbuzi mzima, amechomwa kwa moto wa kuni, mafuta yake ya mgongo yameiva rangi ya asali. Nyuma yake kibuyu cha maziwa lala, kile cha kusafishwa kwa moshi ya mti, ukikifungua tu pua inapiga magoti.

Kwa siku ingine yoyote Munguti angelia kwa furaha. Sasa aliangalia ile mbuzi kama mtu anaangalia kazi ya bomba lililopasuka chini ya barabara.

"Kuna wageni walikuja mwaka jana kwa sababu ya huyuhuyu Naisula," Lemein akasema, akikata mguu kwa kisu. "Wakadonoa donoa. Wakasema wako sawa."

"Na ikakuwaje?" Muthama akauliza, sauti imekuwa nyembamba.

"Wakaenda wakiwa sawa."

Muthama akamwangalia baba yake. Baba akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia hema ilivyoshonwa vizuri.

Basi akala. Alikula kipande cha kwanza kwa heshima, cha pili kwa ajili ya kijana, cha tatu sijui kwa nguvu za nani. Tundu ya mwisho ya mkanda ikaenda. Mbeke naye alikuwa amefungua mkoba pole pole, anafunga nyama kwa tishu kama mtu anaweka kitambulisho.

"Mama, hiyo mkoba yako imeshiba?" sauti ikauliza.

Ilikuwa Koko Nalangu, mama yake Lemein, nyanya wa nyumba hiyo, ameketi nyuma yetu muda wote kimya, shanga zimejaa shingoni. Akainuka na fimbo yake, akaja mbele ya Munguti, akainama. Munguti akadhani anabarikiwa, akainamisha kichwa. Lakini Koko alikuwa ananusa masharubu.

"Kitunguu," akasema. Akanusa tena. "Na dania. Lemein, sisi tumeweka kitunguu?"

"Hatujaweka kitu, Yeyo. Ni chumvi tu."

Muthama akafunika uso. Pale mbali Naisula alisimama na jagi ya maji, hasongi mbele wala nyuma.

Munguti akakunja karatasi ya hotuba akairudisha mfukoni. "Koko," akasema, "tulikula Kitengela. Mbavu. Mimi pekee yangu nilikula tisa."

"Kumi na moja," Mbeke akasema.

"Kumi na moja. Nilidanganywa ya kwamba hapa hakuna chakula mpaka jioni. Sikutaka tumbo iniaibishe mbele yenu. Mkitufukuza, fukuzeni mimi. Kijana hakumaliza hata yake."

Koko alimtazama. Kisha mabega yakaanza kutetemeka, halafu shanga, halafu fimbo ikaanguka kabisa. "Kumi na moja!" akapiga makofi. "Na akakuja kuketi hapa! Na akaongeza tatu! Huyu si mgeni, huyu ni ng'ombe ya kulima! Naisula, leta ile supu."

Ilikuja kwa kikombe cha bati, nyeusi, moto, imechemshwa na maganda ya olkiloriti, ule mti wanaume wa huko wanakunywa wakimaliza fahali na bado wanataka ingine. Munguti akapiga funda moja, uso ukajikunja kama gunia. Chungu! Akapiga la pili. Kwa la tatu akapiga mbweu, tena ile ya kutoka miguuni, mbuzi wa jirani wakageuka.

Halafu akainamisha kichwa, kama mtu anasikiliza bomba likifunguka mbali.

"Aiya," akasema. "Kuna nafasi."

Na hapo ndio kula kulianza. Kikombe kilizunguka, na tumbo za watu zikafunguka moja moja. Munguti aligundua yale mafuta ya mgongo, yanayeyuka kabla uyaume, akayafuata na maziwa lala ya baridi, akaimba. Mbeke alitoa ile nyama kwa mkoba, akabandua tishu, akaila mbele ya kila mtu. Koko akamlisha Muthama figo kwa mkono wake. Lemein alikata na kucheka, akakata na kucheka, mpaka kwa sinia kukabaki mifupa na kisu.

Akamkatia Munguti kipande cha mwisho kutoka kwa mfupa.

"Maliza, pakiteng'," akasema.

Naisula akapiga kelele ya furaha, kwa sababu hilo ndilo jina wakwe huitana wakishapeana ng'ombe, na hapo hata ng'ombe za mahari hazikuwa zimetajwa. Hotuba ilikuwa bado mfukoni, imelowa mafuta.

"Sasa tusimame tuombe," Lemein akasema, na yeye mwenyewe hakusimama. Alikuwa ameegemea nguzo, kofia imeshuka mpaka puani. Mbeke alikuwa amevua viatu. Muthama alilala kwa bega la Koko, na mimi nilikuwa nahesabu mawingu.

Munguti alijaribu mara moja. Kiti kikainuka naye. Akaketi tena, akanyoosha mkono juu.

"Jamani," akasema, "hebu mtu aniinue."