Kiti cha Dirishani Nyuma ya Bawa

Jumamosi asubuhi Sylvanus alikaa kwenye meza ambayo mama yake huchambulia maharage, akitoboa madirisha ya ndege. Alitumia kipande cha antena ya redio alichokinoa mpaka mdomo wake ukakata, akakigonga kwa nyundo juu ya bati laini la kopo la bia. Kila dirisha lilidondosha kiduara kidogo cha bati. Kuku walidhani ni punje, wakadonoa, wakajuta. Mama Avelina aliwafukuza kwa ncha ya khanga.

Ndege hiyo aliiagiza mama mwenyewe. Fabian, mwanawe wa mwisho, alikuwa ameondoka kwenda Kanada mwaka uliotangulia, na magoti hayakumruhusu mama kushuka mlima hadi uwanja wa ndege kumuaga. "Nataka nikione hicho kilichombeba mwanangu," alimwambia Sylvanus. "Si picha. Picha haina tumbo."

Sylvanus ni fundi bati wa mtaa wa Pasua. Hutengeneza majiko, mifereji ya paa na mabeseni ya kuogeshea watoto, na hajawahi kupanda ndege. Alisimama nje ya uzio wa uwanja wa KIA Jumapili kadhaa akiziangalia zikitua, akachapisha picha mjini, akapiga hesabu yake: kila mita ya ndege iwe sentimita mbili za bati. Injini zilitoka kwenye makopo ya marashi ya kwapa. Matairi aliyakata kwenye soli ya kandambili. Mistari ya ribiti, zile pini zinazoshika bati, aliichora kwa sindano butu, mmoja mmoja, mpaka macho yakamtoka machozi. Viti alivikunja kwa maboksi ya maziwa na kuvivika kitenge cha buluu, vyote, hata vile ambavyo hakuna atakayeviona paa likishafungwa.

Watu walisema kazi nzuri vile kwa ajili ya Fabian inatia shaka. Walikuwa na sababu. Safari ya Fabian ililipiwa na kihamba cha Sylvanus, shamba lake la ukoo. Baba yao alipofariki, Fabian, kama kitinda mimba, alirithi nyumba ya mama na migomba inayoizunguka, na hiyo haiuzwi. Sylvanus alirithi kipande cha juu, penye kahawa na mfereji wa maji. Kikauzwa kwa jirani, Mzee Eliudi, ili Fabian apate tiketi na hela ya kuanzia maisha. Fabian aliahidi kukikomboa. Mchagga asiye na kihamba hana pa kujenga wala pa kuzikwa, na Sylvanus alilijua hilo alipotia dole gumba. Alikubali kwa kuwa mama alimwomba. Ilimuuma, na bado inamuuma.

Siku alipomaliza viti, kabla ya kuezeka paa, giza lilipoanza kuingia, taa za ndani ziliwaka. Hakuwa ameweka taa wala betri. Mlango wa mbele ukafunguka na abiria wakaanza kupanda ngazi. Walitokea upande wa kikapu cha vitunguu, wamepanga foleni, na hakuna aliyezidi kidole cha mwisho cha mama kwa urefu.

"Wamechelewa," alisema Mama Avelina, akaisogeza sufuria ya mtori ili mvuke usiwasumbue.

Sylvanus aliwatambua wawili. Mmoja alikuwa mwanamke mwenye kofia ya manjano. Mwingine alikuwa Mzungu mwenye mguu wa plasta, aliyevunjika akishuka mlima. Siku ile Sylvanus alipomsindikiza mdogo wake, wote wawili walikuwa mbele ya Fabian kwenye foleni ya kuingilia uwanjani, na Fabian alimshikia Mzungu begi. Basi ndege ilikuwa ile ile na safari ile ile. Abiria walipachika mizigo juu, wakagombana kidogo kuhusu nafasi, wakaketi. Kiti kimoja kilibaki wazi, cha dirishani, nyuma ya bawa. Mhudumu alikitazama, akautazama mlango, akasubiri kiasi cha ustaarabu, kisha akafunga. Asubuhi ndege ilikuwa tupu. Jioni iliyofuata walipanda tena, na kiti kile kikabaki wazi tena; Sylvanus akaahirisha kuezeka paa.

Jirani yao, Dainess, alikuja kuchungulia, akauliza kama wanapokea vifurushi. Hawakupokea. Akaenda zake akilalamika kwamba usafiri siku hizi una maringo.

Mama Avelina alimshuku Sylvanus kwanza. "Umekibana kile kiti," alisema. "Umekifanya kidogo makusudi."

"Sijakibana, mama."

"Kihamba kimekuuma."

"Kimeniuma. Lakini kiti nimekipima."

Alikitoa hata hivyo, akatengeneza kingine mbele ya macho ya mama, kipana kidogo kuliko vya wenzake, na kitambaa akakivuta vizuri. Jioni ile Mzungu wa plasta aliegesha magongo yake juu yake. Mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Fabian alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya misa. Hakuwahi kupiga ya video; kazini kwake, alisema, kamera hairuhusiwi. Zamani mama aliweka simu sikioni na kulia kwa furaha. Sasa aliiweka mezani, sauti juu, akawa anasikiliza vilivyo nyuma ya sauti ya mwanawe. Mara jogoo aliwika.

"Kanada kuna majogoo?" aliuliza.

"Wapo, mama. Wakubwa kuliko wetu."

Mama alimtazama Sylvanus. Sylvanus alikuwa akisugua bawa, na aliendelea kulisugua.

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa ya nauli ya kushuka hadi Himo tu. Sylvanus alikwenda huko siku ya soko kutafuta msasa laini. Karibu na njia panda ya kwenda Holili alimkuta Fabian akisimamia vijana wanaopakia vitunguu kwenye Fuso. Alikuwa amenenepa. Juu ya kioo cha mbele, kwa rangi nyekundu, gari liliandikwa jina la mama yao.

"Shikamoo kaka," alisema Fabian.

"Marahaba. Baridi huko inaendaje?"

"Tunaizoea."

Walisimama wakiangalia vitunguu.

"Nilikuona uwanja wa ndege ukiingia mlangoni," alisema Sylvanus.

"Niliingia. Nikakaa ndani mpaka ndege ikaondoka, nikatokea kwa mlango wa wanaofika. Kaka, kule ningeanza kwa kuosha vyombo vya watu. Hela ya kuanzia maisha ilikuwa mfukoni, nikaona nianzie hapa."

"Na kihamba changu?"

"Nitapanda nyumbani tuongee. Desemba."

"Njoo na isale."

Jani hilo ndilo Wachagga wanalopanda mipakani mwa vihamba, na mkosaji akikuletea huna haki ya kumnyima msamaha. Fabian alilijua kama alivyolijua jina lake.

"Huku chini halioti," alisema.

Nyuma yake, kando ya ukuta wa stoo, masale yalikuwa yameota kimo cha mtu. Sylvanus aliyatazama, akaaga, akaenda kununua msasa.

Alipofika nyumbani, mama alikuwa amekaa mbele ya ndege. "Umemuona?" aliuliza, bila kutaja jina.

"Nimepata msasa."

Mama aliuchukua, akaupapasa muda mrefu. "Msasa wa Himo ni mzuri," alisema hatimaye. "Basi mchonge. Krismasi watu watakuja, na kiti hakiwezi kukaa wazi mbele ya watu."

Sylvanus alitaka mti mgumu usiopasuka, yaani mti wa kahawa. Akaenda kwa Mzee Eliudi, akabisha hodi, akaomba tawi moja kutoka kwenye mti alioupanda kwa mikono yake mwenyewe kihamba kilipokuwa bado chake. Mzee Eliudi alimruhusu, akamsimamia asikate mawili. Kutokana na tawi hilo Sylvanus alichonga kijana aliyekaa, mwenye masikio ya Fabian, akampaka rangi ya shati alilovaa siku ya kuondoka. Mama alikiri kwamba ni yeye.

Desemba walipanda mlima watu kutoka Dar, Mwanza na Nairobi, magari yakajaa mpaka kwenye migomba. Aliyekuwa karibu kuliko wote ndiye peke yake aliyekosekana. Wageni waliizunguka meza, wakaisifu ndege, wakauliza Fabian yuko wapi, na mama akawaonyesha kwa kidole: pale, dirishani. Abiria walipopanda, watu waliwapisha kwa heshima. Na kila jioni kijana wa mti alionekana ameshuka. Alisimama ukingoni mwa meza, uso ameuelekeza bondeni, kuliko na taa za Himo na Holili. Mama alimrudisha, akamfunga kitini kwa uzi mwekundu. Kesho yake uzi ulikutwa umefunguliwa na kukunjwa vizuri juu ya kiti.

"Huyu hapendi kuruka," alisema mjomba mmoja wa Dar, na watu wakacheka kidogo, wakaomba pombe ya mbege iongezwe. Hakuna aliyeuliza zaidi. Kila mtu mle ndani alikuwa na shaka yake, na kila mtu alikuwa na nyama mdomoni.

Jioni ya Krismasi Fabian alipiga simu. Mama Avelina aliiweka mezani, karibu na ngazi za ndege, na watu wakanyamaza. Walisalimiana, wakatakiana heri.

"Huko kuna theluji, mwanangu?"

"Ipo, mama," alisema Fabian, na kwa mara ya kwanza mwaka mzima sauti yake haikuwa na wasiwasi. "Naiona hapa nilipo."

Mama aligeuka mlangoni. Mawingu yalikuwa yamejitenga na Kibo, na kilele cheupe kwa theluji kilikuwa wazi juu ya kahawa ya Mzee Eliudi.

"Hata sisi tunaiona," alisema.

Kisha Fabian akasema mtandao unasumbua, akakata. Mama Avelina alimwokota kijana wa mti ukingoni mwa meza, akamrudisha kitini nyuma ya bawa, akamnyooshea Sylvanus mkono ampe uzi mwingine. Sylvanus akaukata, akampa.