Nusu ya Anayebaki

Begi lilikuwa limeshatangulia garini na honi imeshalia, Mama Watoto alipokaa ukingoni mwa kitanda cha mumewe wodini, akamimina chai kwenye kikombe cha bati. Akanywa nusu. Iliyobaki akaiweka juu ya kabati.

"Haya, mume wangu. Leo zamu yako kubaki."

Breki akakitazama kikombe. Jina hilo alipewa na madereva wenzake kwa sababu breki hakuijua kabisa. Miaka yote ya malori, yeye ndiye aliyekuwa akiondoka: anakunywa nusu, na nusu anaimaliza mkewe akishasikia lori limekata kona. Hawakuwahi kuivunja ada hiyo, hata safari zile walizoagana wamenuniana. Sasa mke ndiye msafiri, anakwenda mbali kumlea binti yao anayekaribia kujifungua. Na Breki, tangu kiharusi kimwangushe, hajaonja hata tone. Chakula kinapitia mpira wa puani.

Dada wa hospitali anayepima wagonjwa kama wanaweza kumeza akaingia na glasi ya maji na kijiko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fanya haraka, mwanangu, chai inapoa." Maneno yalitoka yamepinda upande.

"Chai itangoja. Tuanze na maji. Kaa wima, kidevu chini. Usiinue kichwa kama kuku anayekunywa."

Akamwekea vidole kooni. Kijiko cha kwanza kikapita. Cha pili kikasitasita, kikapita. Cha tatu kikapotea njia. Breki alikisikia kikishika barabara ya pumzi. Kikohozi kikampanda. Akakibana kama alivyozoea kuubana usingizi kwenye usukani, machozi yakamlenga. Vumilia kidogo tu, mpaka mkeo aone umekunywa.

Dada akangoja. "Sema aaa."

"Aaa." Sauti ikatoka imelowa, kama ya mtu aliyetia kichwa ndooni.

"Kohoa, baba. Mficha maradhi..."

"Malizia mwenyewe, mimi simo," akasema, halafu akakohoa mpaka kitanda kikatikisika.

"Maji yanachungulia mapafuni. Chai nyepesi hapana."

Honi ikalia tena. Breki akageukia ukutani. Akilini alimwona mkewe mlangoni, kikombe mkononi, kila alfajiri ya kila safari. Kumbe kubaki ndiko huku.

"Na nzito je?" dada akauliza. "Tujaribu. Chai hii hii, mama?"

"Hiyo hiyo. Siyo nyingine."

Dada akakoroga humo unga mweupe wa kuifanya nzito, mpaka kijiko kikainuliwa bila kudondosha.

"Hii chai au gundi ya viatu?"

"Meza, baba, uache maneno. Meza tena. Sema aaa."

"Aaa." Kavu.

Mama Watoto akasimama, akautengeneza mtandio wake. "Usiharakishe. Ukimaliza nitajua."

"Utajuaje?"

"Wewe ulikuwa unajuaje?"

Akatoka. Kijiko kikarudi, lakini Breki alifumba mdomo, sikio dirishani, mpaka aliposikia gari limekata kona. Ndipo akaufungua.

Binti alijifungua salama, mtoto wa kike. Mama Watoto alikaa huko hadi mjukuu akaanza kutembea, kisha akarudi. Dada alihamia hospitali nyingine. Breki alitolewa mpira, akaenda nyumbani kwa mkongojo. Chai nyepesi hakuruhusiwa tena. Alikufa mwaka uliofuata, mkewe akiwa sokoni. Lori lake sasa linabeba mchanga.