Mawimbi Yaliyotangulia Tetemeko

Mtakwimu alipoiona mistari ya mawimbi ikipanda kwenye skrini kabla ya karibu kila tetemeko, kiti kilimshinda kukalia. Kwa miaka mingi antena za kituo chao cha kuchunguza matetemeko zilikuwa zikinasa mawimbi ya sumakuumeme. Sasa, alidhani, ardhi imefungua kinywa. Akampigia mama yake papo hapo, hata kabla mkuu wa kituo hajaambiwa.

Tangu tetemeko lililomuua baba, mama hakulala tena ndani. Kitanda chake kilikuwa kibarazani, iwe mvua iwe baridi.

"Kwa hiyo utanijulisha mapema?" mama aliuliza.

"Nitakujulisha, mama."

Furaha ilipopoa, akaanza kujikagua. Alizichanganya tarehe za matetemeko kama karata, akapata tarehe za kubuni, kisha akaangalia kama nazo zilitanguliwa na mawimbi. Zilitanguliwa, tena mara nyingi vilevile. Akarudia, akarudia tena, jibu halikubadilika. Mawimbi yalipanda ovyo kiasi kwamba siku yoyote ambayo ungeitaja, usingekosa wimbi lililoitangulia. Mengine yaliletwa na dhoruba za jua, mengine na treni ya umeme ya bondeni.

"Ukiandika hivi kwenye ripoti unamwaga unga wetu sote," mkuu alimwambia alipoonyeshwa matokeo.

"Afadhali unga, mzee, kuliko roho za watu."

Mkuu alikuna kipara, akacheka bila kupenda. "Haya, andika."

Kumwambia mkuu kulikuwa kwepesi. Mwisho wa juma alikwenda kwa mama, akakaa kwenye ukingo wa kile kitanda cha kibarazani.

"Mama, nilikuahidi nisichoweza. Mashine hazijui. Labda siku moja, lakini si leo."

Mama aliukunja na kuukunjua upindo wa blanketi.

"Unajua, mwanangu, tangu uniahidi, hofu ilizidi. Simu ikilia tu, nasema ndiyo hiyo." Akavuta pumzi ndefu, akainuka. "Hebu njoo unisaidie kusogeza kabati la chumbani. Likidondoka pale lilipo, kitanda kikiwa ndani litaniponda."

Walilisukuma wakihema, wakalifunga ukutani kwa skrubu, ndipo wakaingiza kitanda. Usiku huo mama alilala ndani, mlango wazi, akikoroma. Aliyekesha macho kodo ni mtakwimu.