Mlima wa Vitenge

Sabiha alikuwa fundi cherehani wa Kitale, na wiki hiyo aliitwa Bungoma kwa kazi moja tu: kushona mfarishi wa viraka wa kutundika ukutani. Mwenye kazi, Mwalimu Nakhumicha, alifundisha uchoraji mpaka alipostaafu, kisha akapata kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Macho hayakuguswa. Alikaa kitini akielekeza, Sabiha akakata na kubandika.

Walikuwa wanautengeneza Mlima Elgon. Kitenge cha njano chenye maua meusi ndicho kilichokuwa mashamba ya mahindi. Juu yake wakalaza oganza ya buluu, nyepesi hata maua ya chini yanaonekana, na pale rangi mbili zilipokutana pakawa kijani. Mara ya kwanza Sabiha alifurahi kama mtoto. Kufikia Alhamisi hakufurahia chochote. Shingo ilimuuma, vidole vilikuwa vimetobolewa na pini, na kila alichoshona Mwalimu alikikataa.

"Hiyo buluu imezidi. Fumua."

"Si jana ulisema imepungua?"

"Jana kulikuwa na mawingu."

Akafumua. Akaweka zambarau juu ya nyekundu, bonde likawa na rangi ya damu iliyokauka. Mwalimu akatikisa kichwa. Akafumua tena.

Ijumaa jioni, pindo tu likiwa limebaki, Mwalimu alinyoosha kidole kwenye kilele. "Pale juu..."

"Leo sifumui." Sabiha aliweka mkasi chini. "Nimechoka, Mwalimu. Huu mlima ni mzuri, na wewe mwenyewe unaona. Sasa unataka nini?"

Mwalimu alikishusha kidole. Kisha akasema polepole, kwa mdomo wake uliopinda, "Ukimaliza utaenda."

Sabiha alikuwa na wateja wanaomngoja, na mgongo usiotaka tena kuinama. Alienda jikoni akapika chai, akamshikia kikombe mpaka kikaisha. Halafu akashona pindo bila haraka, Mwalimu akimtazama.

Asubuhi wakautundika. Mwalimu alilia kidogo, akasema ati buluu iko sawa.

Nyumbani Kitale, mumewe Shafi alimuuliza kazi ilikuwaje.

"Imeisha," alisema. "Lakini nimeacha mtu pale."

Alitaka kumweleza zaidi, ila usingizi ulimchukua kabla hajavua buibui.