Nailoni ya Deus

Ijumaa jioni Deus alikizungushia kibanda cha kuku nailoni juu mpaka chini, akaziba kwa tepu kila upenyo, hata lile dirisha la wavu chini ya paa. Ilitangazwa baridi kali Woolwich nzima.

"La juu liache," mama yake, Placida, alimwambia akiwa mlangoni. "Kuku anapumua. Mvuke wake utokee wapi?"

"Mama, hii London, siyo Njombe. Sisi wenyewe si tumefunga madirisha?"

"Kwani wewe unanya pale unapolala?"

Jikoni Gladness, mkewe Deus, aliangua kicheko. Deus hakucheka. "Kuku wanataka joto, Mama. Nimeangalia kwenye simu. Ingia ndani, utaugua."

Aliingia, lakini moyo ulimchemka. Aliishia darasa la saba, sawa. Ila alikulia mahali ambako sakitu, umande ulioganda, huunguza viazi shambani hadi majani yanakuwa meusi, na kuku wa mama yake hakufa na baridi hata mmoja. Hapa alikuwa nao wanne tu. Tangu amzike mumewe Telesphor akaletwa huku, hakuwa na kingine cha kwake. Mayai yao ndiyo aliyopeleka altareni kwenye misa ya Kiswahili, sadaka ya mkono wake, siyo ya kupewa na mtoto.

Asubuhi alimaliza rozari, akavaa koti la Deus juu ya kitenge, akatoka. Nyasi zilivunjika chini ya viatu. Nailoni ilitiririka maji kwa ndani, mengine yameganda. Alipofungua mlango, harufu ya kinyesi ilimchoma macho. Maranda ya mbao sakafuni yalikuwa yamelowa chapachapa. Yule mwekundu, mtagaji wake mkubwa, alikuwa amejikunyata, ncha za upanga wa kichwani zimepauka kama majivu.

"Deus!" Sauti ilivuka uzio wa jirani.

Akaja mbio na ndala. "Amekufa?"

"Ingiza kichwa humo."

"Mama, jamani..."

"Nimesema ingiza kichwa. Vuta pumzi."

Deus akainama, akavuta, akachomoka anakohoa, machozi yanamtoka.

"Hiyo pumzi moja. Wao wamekesha humo! Baridi kavu, kuku ana manyoya yake. Akilowa, baridi inamla yu hai. Nilikwambia, ukanihesabu mjinga!" Akatoa kisu cha jikoni mfukoni mwa koti, akaipasua nailoni chini ya paa, upande hadi upande. "Hewa ipite juu ya vichwa vyao, isiwapige vifuani. Kalete maranda makavu. Na maji ya uvuguvugu. Na Vaselini yangu."

Deus alirudi na vyote. Akamtazama yule mwekundu. "Atapona?"

"Yeye atapona. Zile ncha zitakauka zidondoke. Hazirudi."

"Samahani, Mama."

"Mimi sikulala humo." Placida akamwinua kuku, akamtia mwanawe mikononi. "Mpake hapo kwenye upanga. Taratibu, usimsugue. Na hiyo samahani mpe yeye."