Mashine ya Amissi Yanyamaza

Amissi aliutangazia ufuko mzima kwamba mashine yake ikiwaka leo, hata kiboko aliyelala hatageuza sikio, na mtu yeyote akiisikia, yeye atanyoa masharubu. Masharubu yenyewe bado alikuwa anayasubiri yaote.

Boti ilikuwa ya shangazi yake Zubeda, na dizeli yake ilinguruma kiasi cha kuamsha mtaa mzima wa Nyakabiga. Safari hii kelele hazikutakiwa. Mzee Hyacinthe, msemaji wa ukoo wa bwana harusi, alitaka kuwapeleka wageni wa mahari kwa njia ya ziwa, hotuba zianzie humo humo botini. Na hotuba za mahari mnazijua: binti haombwi moja kwa moja, watu wanazunguka kwanza na ng'ombe aliyepotea, na upande wa pili lazima udake kila neno na kulijibu. Neno likimezwa na mashine, ukoo umeaibika. Basi Mzee alikuja kuijaribu boti kwa masikio yake mwenyewe. Akiikataa, Zubeda alishasema, usukani unakwenda kwa Ilyasi, binamu yake Amissi.

Zubeda alishasema pia kwamba wamsubiri Ilyasi alete kutoka Kigoma sufu ya mawe, ile isiyoshika moto, ibandikwe ndani ya sanduku la mashine kumeza kelele, mbali na bomba la moshi, na matundu ya hewa yasiguswe, maana mashine nayo inapumua. Amissi aliitikia ndiyo shangazi, ndiyo shangazi. Amsubiri Ilyasi aje kuchukua sifa? Thubutu. Kesho yake sanduku lilikuwa limeshindiliwa hadi kwenye matundu, naye akiapa kwamba sufu imeletwa na lori. Asubuhi hiyo hiyo Zubeda alipokaa kwenye kanape yake ya sebuleni, alifikia mbao. Mito imekwenda kwa dobi, Amissi akamwambia, kwa heshima ya wageni.

Wakang'oa nanga. Mashine ikanong'ona tu. Zubeda, aliyekaa juu ya kifuniko cha sanduku, alimtazama mpwa wake kama mtu aliyeona mbuzi anasoma gazeti. Mzee akasafisha koo, akaanza na ng'ombe wake aliyepotea. Walipofika mbali kidogo mashine ikakohoa, ikakosa pumzi, ikafa.

"Unasikia, Mzee?" Amissi akasema. "Mi nilikwambia."

Mzee hakusikia kitu, na kwa furaha akaongeza ng'ombe wa pili. Amissi akazungusha usukani kwa madaha, akaupigia honi mtumbwi ambao haukuwepo, huku upepo ukiwarudisha kinyumenyume. Mzee akauliza mbona bandari inakaribia tena. Akajibiwa kwamba wageni mashuhuri huonyeshwa mji mara mbili. Akauliza harufu ya kuungua inatoka wapi. Akajibiwa kwamba ufukweni wanachoma mishikaki.

Hapo Zubeda akaruka, mkono kwenye makalio. Kifuniko kilikuwa cha moto. Hakupoteza neno. Alifunga mafuta, akamsogeza Mzee mbele, akainua kifuniko kiasi cha kupitisha mdomo wa kizimamoto tu, akapuliza mpaka moshi ukakata. Kisha akavuta nje bonge jeusi la sponji.

"Ni Ilyasi," Amissi akawahi. "Ametutumia sufu mbaya."

Zubeda akaligeuza bonge. Upande wa pili kitambaa kilikuwa kizima: mawaridi mekundu, na pembeni, kwa uzi wa kijani alioushona kwa mkono wake, jina lake.

"We Amissi," akasema taratibu. "Huyu dobi wako anafuliaka na dizeli? Na Ilyasi anaingiaje mu kanape yangu?"

"Apana, shangazi, mi sikumutaja Ilyasi. Ni upepo, umesikia vibaya."

Akamgeukia Mzee Hyacinthe, mtu anayeweza kumtetea hata ng'ombe asiyekuwepo. Mzee akajikung'uta unga wa kizimamoto kwenye koti.

"Alimutaja," akasema. "Boti ilikuwa kimya kabisa, mama. Nimesikia kila neno."