Mlango wa Kukimbilia

"Andika wawili," nilimwambia.

Kalamu ya Obedi ikasimama hewani. Tulikuwa barazani kwangu asubuhi ya mazishi, baridi ya Julai ya Kasulu ikitutoa moshi mdomoni, na upande wa pili wa uzio, kwa marehemu, wanawake wa jumuiya wakichambua mchele na kuimba kwa sauti zilizokauka kwa kilio. Obedi ni shemeji wa marehemu Odilia, mdogo wa mumewe, naye ndiye aliyepewa kazi ya kuandika wasifu wa kusomwa kanisani. Kuzaliwa, ubatizo, kipaimara, chuo cha ualimu, shule alizofundisha: yote hayo aliyaandika bila kumuuliza mtu. Alipofika kwenye watoto ndipo akavuka uzio kuja kwangu. Mimi ni Swaumu, muuza vitenge, asili yangu Ujiji. Watu wananiita Mama Khatibu, na wanasema jambo nisilolijua mimi bado halijatokea.

"Mama Khatibu, karatasi hii inasomwa mbele ya altare," alisema. "Odilia alizaa mmoja, Longinus. Huyu mwingine tuandike alimlea. Kulea si aibu."

"Andika wawili."

"Baba Mdogo, andika mmoja."

Aliyesema hivyo ni huyo huyo mwingine, Claudine. Alikuwa ameketi mkekani, mgongo kwenye mlango wangu, mahali alipozoea kuketi tangu ana miaka kumi na minne. Siku tatu hizo za msiba alikuwa amepika, amefua, ameosha mwili wa marehemu kwa mikono yake ya uuguzi, na hakuna aliyemwona akilia.

"Mwalimu aliupenda ukweli kuliko alivyonipenda mimi," alisema. "Mwandikieni ukweli wake."

Nikaweka kikombe cha chai chini. Ni mimi peke yangu, kati ya watu wote waliojazana katika nyumba zile mbili, niliyejua kwamba maneno yale yalikuwa uongo kutoka mwanzo hadi mwisho.

*

Mwaka wa tisini na sita nilikuwa nazunguka magulio ya Kibondo na furushi la vitenge kichwani. Nikifika Kitahana nililala kwa Odilia. Alikuwa mjane kijana, mumewe ana mwaka wa pili kaburini, amepangiwa kufundisha huko, na Longinus amemwacha kwa bibi yake Kasulu. Nyumba yake ya mwalimu ilikuwa na msalaba mmoja ukutani, vitabu, na ukimya ulionitia wazimu. Mimi nyumba isiyo na watu kumi naiona gofu. Lakini tulipendana. Aliniwekea birika langu peke yangu, lisilowahi kugusana na nyama ya kitimoto, na kila alfajiri alinigongea dirisha: "Swaumu, amka, Mungu wako anakungoja."

Watu walikuwa wanavuka kutoka Burundi kila siku. Mwanamke mmoja alikuja na mtoto wa wiki mbili mgongoni, akaomba kibarua cha kulima. Aliitwa Nkunzimana. Alilima nusu siku, homa ikamwangusha kwenye tuta la mihogo. Siku ya tatu akafa mkekani mwa Odilia, akiwa amemshika mkono. Alisema maneno machache kwa Kirundi, na kwa kuwa Kiha na Kirundi ni ndugu, Odilia hakuhitaji mkalimani.

"Amesemaje?" nilimuuliza.

"Amesema mtoto asipande lori."

Tulimwosha wawili, yeye akisali sala zake, mimi zangu. Wazee wakamzika nyuma ya shamba. Kwao alikuwa mkimbizi mmoja zaidi. Juu ya mtoto hawakuuliza, wakidhani atapelekwa kambini kama wengine. Odilia hakumpeleka. Mtoto asiye na mtu huhesabiwa, huandikwa, hupandishwa lori siku ya kurudishwa watu. Mtoto wa mwalimu hapandishwi lori na yeyote. Aliomba uhamisho, akakaa kimya hadi ulipotoka, akarudi Kasulu na kichanga, akawaambia watu wote kwamba amezaa.

Mjane! Mwalimu wa dini! Nikwambie, mji huu ulikula habari ile kama kumbikumbi wa masika. Walimtafutia baba wa mtoto kila kona: mara mkaguzi wa elimu, mara dereva wa shirika, mara katekista maskini wa Mungu mwenye miaka sabini. Odilia alipita katikati yao na mtoto mgongoni, sketi imepigwa pasi, kichwa juu. Akambatiza. Kwenye daftari la ubatizo, pale penye mama mzazi, aliandikisha jina lake.

Hapo ndipo alipojifunga. Alikwenda kuungama uongo ule, padri wa wakati huo akamwambia jambo lililo wazi: rekebisha daftari, kisha urudi. Hakurekebisha. Basi kila Jumapili watu walipopanga mstari kupokea komunyo, Mwalimu Odilia alibaki kwenye benchi, macho chini. Mwanamke aliyewafundisha watoto wa nusu ya mji huu kupokea, yeye mwenyewe hakupokea. Miaka kumi na minne.

Mimi Mwislamu, komunyo nilikuwa siijui uzito wake. Siku moja tunaanika mihogo nikamuuliza, kwa mzaha, kama kakipande kale kanastahili huzuni yote ile.

"Swaumu, wewe ungeambiwa usisujudu miaka yote hiyo?"

Mzaha ukaniisha, nikarudi kugeuza mihogo. Kwangu mimi, hilo ni tukio.

"Siku Claudine akiwa mtu mzima nitamwambia mwenyewe," alisema. "Kisha nitakwenda kwenye daftari. Kwa sasa ana mama, inatosha."

*

Kosa langu nililifanyia saluni kwa Zuleha, Ijumaa, saa nne asubuhi, kichwa kimesukwa nusu.

Pale kwa Zuleha tulikuwa tunacheka mpaka watu barabarani wanageuka. Loyce, mama mmoja wa jumuiya yao, akaanzisha ule wimbo wake wa zamani. Eti sasa kamjua baba wa Claudine, eti ukitazama pua utaona. Akataja jina la mwalimu mkuu mmoja, mume wa mtu, aliyekuwa mgonjwa kitandani. "Ndiyo maana hapokei," akasema. "Shoga yenu Mama Khatibu anamficha. Labda walikuwa wanamgawana."

Wote wakacheka. Kama angenitukana mimi tu, ningemrudishia kwa riba, tukaendelea kusukwa. Lakini nilimwona Odilia kwenye benchi lile, macho chini, na damu ikanipanda.

"Mwanamke mwenye moyo safi kuliko wote ninyi!" nikapiga kelele. "Huyo mtoto hakumzaa! Mama yake kazikwa shambani Kitahana, nimemwosha kwa mikono hii! Odilia hajaguswa na mwanamume tangu azike mumewe, sasa nendeni mkatubu!"

Kitana cha Zuleha kikatulia nyweleni mwangu. Nilijiona shujaa kwa muda wa kama pumzi tatu. Halafu nikamwona msichana mmoja wa shule ya sekondari aliyekuwa anangoja zamu yake, mdomo wazi, na nikajua nimefanya nini. Nilikuwa nimemvua rafiki yangu aibu ambayo yeye mwenyewe aliichagua avae. Ndiyo nguo iliyomsitiri mtoto.

Jumatatu, shuleni, Claudine aliulizwa kwa kicheko kama anajua kaburi la mama yake liko shamba la nani.

Sitasimulia alivyorudi nyumbani. Niliyasikia yote kwa uzio: sauti ya mtoto juu, sauti ya mama chini. Odilia hakukana. Hakuwa na tabia ya kukana ukiuliza usoni.

Jumamosi alikwenda kwenye daftari. Hakuwa na kitu cha kuficha tena. Jumapili, Claudine akiwa mbele na wanakwaya, alimwona mama yake akiinuka kwenye benchi, akipanga mstari, akipokea. Loyce mwenyewe alinijia mbio na habari: "Mama Khatibu, kapokea! Kalia, tumelia wote!" Kanisa zima lilifurahi. Mtoto mmoja tu ndiye aliyepiga hesabu nyingine kichwani. Jumatatu siri imetoka, Jumapili mama kapokea. Basi mama ndiye aliyeitoa, ili apate komunyo yake.

Jioni ile alikuja kwangu na sare zake kwenye mfuko wa rambo. "Mama Mdogo, naomba kulala hapa." Kwangu kulikuwa na watu tisa, wa kumi ni kusogea tu. Tangu siku ile akimtaja mama yake alisema kama walivyosema watu wote: Mwalimu.

Siku ya tatu Odilia alinijia uzioni, nafua.

"Anakula?"

"Anakula."

"Anadhani ni mimi niliyesema."

"Nitamwambia ni mimi. Leo hii nitamwambia, Odilia, wallahi."

Alishika mti wa uzio. Vidole vyake vilikuwa na chaki kwenye mikunjo, kama siku zote.

"Usimwambie. Mtoto mwenye hasira anahitaji mlango wa kukimbilia. Wangu ameshaufunga. Ukimfungia na wako, atakwenda wapi? Barabarani?"

"Na wewe?"

"Mimi wananiita Mwalimu wote," alisema. "Nimezoea."

Nikamtii. Wale wa saluni nao, kwa aibu ya siku ile, hawakumtajia kamwe ni nani aliyesema. Na nikiri hapa, kutii kule kulinifaa mno. Mtoto aliniita Mama Mdogo, alinisuka, alinicheka nikiongopa bei za vitenge, aliijaza nyumba yangu. Alipokwenda chuo cha uuguzi ni mimi niliyemsindikiza stendi. Odilia alisimama mbali kidogo, na mfuko wa karanga alizokaanga, akampa Longinus ampelekee. Alipoanza kazi hospitali ya Kabanga, likizo zake alilala kwangu. Kwa Odilia alikwenda, sikatai. Shikamoo, Mwalimu. Umekunywa dawa, Mwalimu? Nikuletee nini, Mwalimu? Adabu iliyonyooka kama rula. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitasema. Kila mwaka nyumba ilikuwa na wageni.

*

Obedi alikuwa bado ananitazama, kalamu mkononi.

"Haya, mmoja," alisema, akainama kuandika.

"Ni mimi niliyesema," nikasema.

"Umesema nini?"

Nilimgeukia Claudine pale mlangoni. "Kwa Zuleha, Ijumaa ile. Loyce alimtukana mama yako, nikatoa siri nimtetee. Daftari alikwenda kulirekebisha baada ya wewe kujua. Hakukuuza, mwanangu. Alikwenda kwa sababu hapakuwa na cha kulinda tena."

Claudine hakusogea. "Kwa nini hakuniambia?"

"Alinikataza nisikwambie ni mimi. Alisema ukiufunga mlango wangu utakwenda barabarani."

Wanawake kule ng'ambo walikuwa wameshika wimbo mwingine. Nilimtazama akiyapitia, mwaka mmoja baada ya mwingine, miaka yote kumi na minne tangu ahamie kwangu: karanga, stendi, dawa, shikamoo. Sijawahi kuona uso wa mtu ukizeeka vile nikiwa nimekaa. Nilinyoosha mkono. Hakuuona, au aliuona.

Aliinuka, akaichukua karatasi magotini mwa Obedi na kalamu kutoka vidoleni mwake, akaandika akiwa amesimama, ameiegemeza ukutani kwangu. Akamrudishia. Akavuka uzio. Baada ya muda kidogo wimbo ulikatika, nikasikia mtu akilia kule ndani kama anayetapika.

Kanisani Obedi aliisoma bila kubadili neno. Marehemu ameacha watoto wawili, Longinus na Claudine.

Sasa Claudine anaishi kule, nyumbani kwa Odilia. Kila asubuhi namsikia akifagia. Mlango wangu nauacha wazi, na watu wanaingia kama kawaida, tunakula, tunacheka, Zuleha analeta habari na mimi nasikiliza zaidi kuliko zamani. Wiki iliyopita Claudine alisimama uzioni. Nikainuka kumlaki.

"Shikamoo, Mama Khatibu."

Mama Khatibu, kama wanavyoniita wote.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, chai iko tayari."

"Asante, sikai. Nimekuja kuchukua ndoo ya Mama."

Ndoo ile ya bluu Odilia aliniazima kabla ugonjwa haujamlaza kitandani. Niliiosha kwanza, nje na ndani, nikaikausha kwa kitenge kipya, nikampitishia juu ya uzio.